Asilimia 2 ya mshahara wangu: tathmini ya chama cha wafanyakazi kutoka kwa dereva wa gari la wagonjwa

Naanza na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza kila ninapomshawishi dereva mgeni ajiunge. Chama changu kinakata asilimia 2 ya mshahara kila mwezi. Kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, kwa hiyo hata aliye chini kabisa anaacha 10,000 kila mwezi, na mwaka ukiisha ni 120,000. Kwa dereva mwenye watoto sekondari hizo ni sare, viatu na madaftari ya muhula mzima. Mtu akiniuliza kama huduma ninayopata inastahili fedha hizo, nina wajibu wa kumjibu kwa yaliyonitokea na siyo kwa nyimbo za mshikamano.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali ya wilaya, Mkoa wa Tanga. Rufaa zetu kubwa zinakwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko jijini Tanga, na usiku njia yetu ya Segera hadi Muheza tunagawana na malori na mabasi. Jina la chama changu silitaji, wala la halmashauri, kwa sababu nitakayoyasema yana watu ambao bado tunasalimiana kila asubuhi. Madereva wengi wa magari ya wagonjwa ya halmashauri wako ama TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, ama TUGHE, cha wafanyakazi wa serikali na afya. Aliye katika chochote kati ya hivyo atajua mwenyewe wapi yangu yanafanana na yake.

Kabla ya kutoa alama, lazima nieleze kwa nini sisi tunakihitaji chama kuliko dereva wa basi au wa lori. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77, inataja huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege. Halafu mwishoni inaongeza usafiri wowote unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Huo usafiri ni sisi. Sina ugomvi na mstari ule. Nimebeba akina mama wenye kifafa cha mimba, nimebeba mtoto anayepumulia mpira wa oksijeni, na najua hakuna madai ya posho yanayostahili kumchelewesha mtu wa namna hiyo hata kwa dakika moja. Lakini mtu ukishamwondolea mgomo, unamwachia kitu kimoja tu: mwenzake wa kumsemea mezani, mwenye hoja na makaratasi. Kama huyo msemaji hayupo, au yupo lakini hajui kazi yetu ikoje, basi hatuna chochote.

Kwa hiyo chama nakipima kwa jambo moja. Siku nikiitwa, nani ataingia nami chumbani, na atakuwa amejiandaa vipi?

Niliitwa. Ilikuwa msimu wa mvua, tumeshafikisha mgonjwa Bombo, tunarudi usiku mimi na muuguzi msindikizaji. Ng'ombe waliingia barabarani kutoka kwenye majani marefu, nikakanyaga breki, gari likateleza na kulala ubavu kwenye mtaro. Namshukuru Mungu mgonjwa tulikuwa tumeshamshusha. Muuguzi alivunjika mkono. Polisi wa usalama barabarani walifika, wakapima, wakaandika, yeye akapewa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa. Gari liliumia mbele: bampa, radieta, taa, na mlango wa upande wa abiria. Siku chache baadaye nilikabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini nisigharamie matengenezo ya gari la umma na kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Asiyewahi kupokea barua ya namna hiyo hajui inavyomkosesha mtu usingizi. Radieta na mlango wa Land Cruiser ni mishahara ya miezi mingi.

Nilimpigia katibu wa tawi. Yeye ni mtaalamu wa maabara, kijana mpole, hata sauti yake huisikii vizuri kwenye mkutano. Alichoniambia ni hiki: "Kaka, usijibu hiyo barua hata mstari mmoja. Nikimaliza zamu nakuja." Akaja na daftari. Hakunipa pole ndefu. Aliniuliza safari iliidhinishwa na nani, saa ngapi, nilikuwa nimelala saa ngapi kabla ya hapo, dereva mwenzangu wa zamu yuko wapi, na kitabu cha safari kiko kwa nani. Hilo la kitabu ndilo lililoniokoa. Mimi nina tabia ya kuandika hitilafu za gari kwenye kitabu kila ninapolirudisha, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeandika kwamba tairi za mbele zimekwisha, na pembeni kuna sahihi ya aliyepokea. Dereva wa pili alikuwa amehamishwa na nafasi yake haijajazwa, kwa hiyo mchana ule nilikuwa nimesambaza chanjo kwenye zahanati kabla ya kuitwa usiku kwa rufaa. Katibu alivitoa nakala vyote: kurasa za kitabu, ratiba ya zamu, barua ya uhamisho wa mwenzangu.

Kisha tukaandika majibu pamoja. Kanuni yake ilikuwa moja, nami sasa nimeifanya yangu: usitaje tabia ya mtu, taja tarehe. Barua ilitoka kurasa mbili, haina neno kali hata moja, na kila sentensi ina kiambatisho chake.

Kwenye kikao walikuwepo afisa utumishi, afisa usafirishaji na wajumbe wengine. Mimi kinywa kilikuwa kikavu. Katibu aliuliza kwa sauti yake ileile ndogo kwamba ikiwa tairi ziliombwa kwa maandishi na maombi yakapokelewa, gari liliruhusiwa kutoka kwa uamuzi wa nani. Aliuliza pia dereva mmoja anatakiwa kuendesha saa ngapi mfululizo. Hakugombana na mtu. Alikuwa anasogeza karatasi moja baada ya nyingine mezani, na kadiri alivyosogeza ndivyo habari ya mimi kulipa radieta ilivyozidi kufifia. Mwisho wake sikulipishwa hata senti. Nilipewa onyo la maandishi.

Kwa kazi ile katibu wa tawi ninampa nyota tano bila kusita. Hakulipwa chochote cha ziada, alikuwa ametoka zamu ya usiku, na faili langu alilijua kuliko wale walioniita. Kama uwakilishi ungekuwa huo tu, ningesimama getini kuandikisha watu.

Jambo la pili alilolifanya vizuri linamhusu muuguzi wetu. Hospitalini kwetu wengi walikuwa wanaamini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa watu wa viwandani na migodini. Katibu ndiye aliyetueleza kwamba unahusu pia watumishi wa umma, kwamba mchango analipa mwajiri peke yake na mfanyakazi hakatwi, na kwamba ajali ya kazini inatakiwa kutolewa taarifa ndani ya miezi 12, ukizembea umejinyima. Alikaa na muuguzi akajaza naye fomu, akafuatilia taarifa ya daktari, akahakikisha mwajiri ametia sahihi sehemu yake. Gharama za matibabu zikashughulikiwa, na siku alizokuwa nyumbani na mkono wake hazikupotea bure. Dereva au muuguzi wa gari la wagonjwa anayesoma hapa, hata kama hutaki kusikia habari za chama, shika hilo la WCF.

Sasa yaliyoniudhi, na yananiudhi kwa sababu yanalipiwa na asilimia zilezile.

Lile onyo sikukubaliana nalo. Katibu wa tawi naye hakukubaliana nalo, akanishauri tukate rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Kwetu watumishi wa umma, tangu marekebisho ya sheria ya 2016, lazima tumalize njia hizo za ndani ya utumishi kabla ya kufikiria kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Rufaa kama hiyo inataka mtu anayejua kuiandika, na mtu huyo yuko ofisi ya mkoa ya chama. Simu ilipigwa. Nikaenda mwenyewe, nikaambiwa mhusika yuko semina. Nyaraka zikapelekwa, zikakaa. Muda wa kukata rufaa ukapita, na onyo limo kwenye faili langu hadi leo, nalo litasomwa siku ya kupandishwa daraja. Hapo sina nyota ya kutoa. Tawi likifanya kazi usiku kucha halafu mkoa ukalala, mwanachama anapoteza palepale ambapo alikuwa karibu kushinda.

Lingine ni la muda mrefu zaidi. Tulipopata ajali ile, kwenye kamati ya tawi letu hapakuwa na dereva. Sheria inaruhusu wawakilishi hadi 15 pale penye wanachama zaidi ya 100, na wasiopungua watano wawakilishe wanawake iwapo wanawake wapo kazini. Kazi yao imeandikwa: kumwakilisha mfanyakazi kwenye malalamiko na nidhamu, kusemea afya na usalama kazini, kujadiliana na mwajiri. Wanastahili hata kupewa muda wa kutosha wenye malipo kwa shughuli hizo. Kwetu nafasi zile zilijazwa na wauguzi, matabibu, watu wa maabara, watu wa masjala. Wote ni watu wema. Lakini hajawahi hata mmoja wao kushika usukani wa gari la wagonjwa saa 8 usiku.

Matokeo yake yalionekana kwenye mambo madogo yenye uzito. Ilipokuja chanjo ya homa ya ini aina B, orodha iliandikwa kwa kada za kitabibu. Madereva hatukuwemo. Nani anashika upande wa pili wa machela? Nani anaosha damu ndani ya gari alfajiri ili litoke tena? Glovu tulikuwa tunaomba kwa hisani ya wodi, na buti za mpira kila mtu alijinunulia. Hakuna aliyetunyima kwa chuki. Jina letu halikutajwa tu, kwa sababu aliyekuwa mezani hakulijua hitaji. Baada ya ajali madereva tulikubaliana kusimamisha mtu, nikachaguliwa mimi. Kikao cha kwanza nilichohudhuria nilizungumzia chanjo, na mganga mfawidhi akashangaa kwamba hatukuwa tumechanjwa. Madereva wakaongezwa kwenye orodha. Hoja haikuhitaji hata dakika kumi. Naumia nikifikiri miaka iliyopita bila mtu wa kuisema.

Saa za kazi ndizo ngumu. Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inatakiwa kuwa na nyongeza isiyopungua asilimia 5. Sisi watumishi wa umma tuna kanuni zetu za posho na za saa za ziada juu ya hayo, na kila halmashauri ina hadithi yake ya bajeti. Nimelipeleka suala la dereva mmoja kushika zamu mbili kwenye tawi, tawi likalipeleka baraza la wafanyakazi, baraza likalijadili na kuandika kwenye muhtasari. Hapo ndipo lilipo. Chama ngazi ya juu tumekiomba kiandike madai ya madereva wa magari ya wagonjwa kama kundi, kwa mkoa mzima, kwa sababu tatizo ni moja kila wilaya. Majibu tuliyopata ni kwamba jambo liko mezani. Mimi nataka kuona barua yenye kumbukumbu namba.

Niwe mkweli upande wa pili pia. Mei Mosi 2025 pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza nyongeza ya asilimia 35.1 na kima cha chini kikatoka 370,000 kwenda 500,000, nilikuwa naosha gari nikisikiliza redio, na nilipiga kelele ya furaha. Madai yale TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na vyama vyake walikuwa wameyabeba jukwaani mwaka hadi mwaka, na asiye mwanachama naye alifaidika. Siwezi kusema vyama havifanyi kitu. Ninachosema ni kwamba nyongeza ya jumla haimtoi dereva kwenye usukani baada ya saa 18.

Kuna jambo la makato ambalo madereva wapya hawaelezwi. Ukifungua hati yako ya mshahara ukaona fedha ya chama inakatwa, usidhani tayari wewe ni mwanachama. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kuwa na makubaliano na mwajiri ya kukata ada ya uwakala kwa wasio wanachama, isiyozidi ada ya kawaida. Yaani unaweza kuwa unalipa kila mwezi, na siku ya uchaguzi wa tawi huna kura, na siku ya barua ya kujieleza hakuna faili lako. Mwanachama anajaza fomu ya TUF 6, na anayetaka kutoka anajaza TUF 15. Dereva mmoja kijana wa kituo cha afya jirani alikuwa katika hali hiyo tangu aajiriwe. Tulimjazia fomu juu ya boneti ya gari, kiasi cha makato hakikubadilika hata shilingi moja, na sasa ana kura. Ikiwa unakatwa tayari, kutojaza fomu ni hasara isiyo na faida yoyote upande wa pili.

Wenzetu wa hospitali binafsi na za mashirika ya dini njia yao ni nyingine. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, na siku hizo zinaisha upesi kwa mtu anayetafuta nauli na kodi ya nyumba. Ndiyo maana kwenu ninyi naona mwakilishi wa karibu ana thamani hata kuliko kwetu.

Na kuna kundi ambalo linanikaa rohoni. Mfumo wa M-mama, ule wa namba 115 uliozinduliwa kitaifa 2022, unatumia magari ya wagonjwa pale yalipo, na pale yasipokuwepo unamwita dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari lake, anayelipwa kwa safari. Nimepokezana wajawazito na madereva hao usiku, kwenye matope, na naheshimu kazi yao. Wanafanya kazi yetu, lakini hawana mwajiri wa kuandikiwa barua wala tawi la kuliita. Akiangukia mtaroni kama mimi, nani atauliza swali la tairi? Sijasikia chama chochote mkoani kwetu kikilizungumza, na ningependa kiwe chetu.

Alama zangu basi. Katibu wa tawi na kazi yake kwenye kikao cha nidhamu: tano. Msaada wa fidia ya kuumia kazini: tano. Kutetea kada ya madereva kama kada: mbili, na hizo mbili ni tangu tulipoingia wenyewe kwenye kamati. Ofisi ya mkoa kwenye rufaa yangu: sifuri. Mkono wa pole msiba ulipomfika mwenzetu ulifika umechelewa lakini ulifika, sitaugeuza kuwa kesi. Fulana na kofia za Mei Mosi sizihesabu.

Nitaendelea kulipa, na namshauri kila dereva wa gari la wagonjwa alipe akiwa mwanachama kamili. Ila kabla ya kutia sahihi TUF 6, mtafute mwakilishi wa tawi lako umuulize mambo matatu uso kwa uso: mara ya mwisho aliingia na mwanachama kwenye kikao cha nidhamu lini, kwenye kamati yao kuna dereva, na ofisini mkoani ni nani hasa anayeandika rufaa na namba yake ya simu ni ipi. Asipokuwa na jibu la swali la pili, jibu ni wewe, na uchaguzi unaofuata chukua fomu. Na usiku wa leo ukirudisha gari, kabla hujakabidhi funguo, andika hitilafu zote kwenye kitabu cha safari, weka tarehe, na mwombe anayelipokea atie sahihi pembeni.